Sista Kufuli

"Wanaoletwa ni ng'ombe," Sista alisema. "Watu huja kwa miguu yao. Usiniambie wewe ndiye unayewaleta hapa."

"Nawaleta mimi," msimamizi wa ujenzi alirudia. Alikuwa ameshaingiza kiwiko kizima ndani ya dirisha la mapokezi la zahanati, na kofia yake ngumu ya kazini ameitua juu ya daftari la mahudhurio kama mtu aliyefika kwa shangazi yake. "Karatasi ya ruhusa nani anaisaini? Mimi. Gari la kuwaleta la nani? Langu. Sasa nataka orodha. Kila kijana wangu aliyepita hapa mwezi huu, na mbele ya jina lake, anaumwa nini. Ni dhambi?"

"Toa kofia juu ya daftari langu."

Aliitoa, akaivaa, akaivua tena.

"Orodha, Sista."

"Hakuna."

"Hakuna orodha, au hakuna kunipa?"

"Chagua unayoipenda. Zote mbili zinaishia mlangoni."

Kwenye benchi wagonjwa walikuwa wametega masikio. Mama mmoja aliyekohoa tangu saa mbili asubuhi alikuwa amesahau kukohoa. Hakuna dawa ya kifua inayoshinda ugomvi wa watu wengine.

Msimamizi akajaribu upande mwingine, akashusha sauti na kuipaka asali. "Dada yangu, tusigombane. Mimi nina watu sitini pale kwenye jengo, ghorofa ya tano inakwenda ya sita. Juzi mmoja ameanguka na karai la zege. Mwingine nimemkuta amelala nyuma ya mifuko ya saruji, saa nne asubuhi. Nataka kujua nani mzima na nani mbovu, basi."

"Aliyelala mwamshe. Kwa hilo hutaki faili, unataka macho."

"Na kama kuna jambo la hatari?"

"Likiwepo jambo linalokuhusu nitakuletea mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Nitakupa lile linalokuhusu na sitatia hata chumvi. Mpaka siku hiyo tusameheane, nina foleni."

"Ndiyo maana wanakuita Kufuli."

"Wakiniita hivyo huwa wanashukuru. Namba kumi na moja, ingia."

Msimamizi aliondoka akijigongesha kofia pajani. Mama wa kifua akakumbuka kikohozi chake.

Jina hilo Sista alilipata kihalali. Alipoanza kazi katika zahanati ile, miaka kumi na minne nyuma, alikuta mafaili yamepangwa kwenye rafu koridoni na mlinzi akiyasoma kupitisha muda. Muuguzi aliyemtangulia alikuwa akiwaita wagonjwa kwa magonjwa yao: "Minyoo, ingia. Kisonono, subiri kidogo." Watu walikuwa wakipona kwa hofu ya kuitwa. Sista aliyahamishia mafaili chumbani, akanunua makufuli mawili, moja la mlango na moja la kabati. La mlango lilikaa mlangoni. La kabati, saa za kazi kabati likiwa wazi, lilikaa mfukoni mwa koti lake jeupe, zito kama yai la bata. Funguo zilikaa shingoni kwa uzi mweusi, ndani ya gauni, mahali ambapo hata mumewe alitakiwa kubisha hodi. Wagonjwa aliwachongeshea vibao vya mbao vyenye namba. Ukiingia unapewa kibao, ukitoka unakirudisha, na jina lako linabaki nyumbani kwenu.

Kisha zilikuwapo sheria zake, ambazo hazikuandikwa popote ila kila muuguzi mpya alizimeza siku ya kwanza. Ukikutana na mgonjwa nje, usimsalimie wewe kwanza. Ngoja yeye aanze, maana ukimchangamkia mwanamume mbele ya mkewe, mkewe atauliza, huyu mnajuana wapi? Kwa sheria hiyo Sista alionekana mtaani kuwa na maringo. Mama mkwe wake aliwahi kuitisha kikao cha ukoo kwa sababu mkamwana hajui kuamkia watu. Sista alikaa kikao chote, akanywa chai yake, na kesho yake akapita njiani vilevile.

Sheria ya pili ilikuwa fupi zaidi. Nje ya zahanati usiulize habari za mgonjwa, hata swali dogo. Kuuliza ni kusema nusu.

Hii ya pili ndiyo iliyomponza.

Siku tisa kabla ya ugomvi ule wa dirishani, mke wa dereva wa kreni alimleta mumewe zahanati akiwa amemshika ukosi kama mtoto mtoro. Dereva huyo kila mtu alimwita Mwewe, kwa sababu alishinda juu. Asubuhi hiyo alikuwa hatazamiki: ulimi umeng'atwa, damu kwenye kola, suruali imelowa, na yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Mkewe alikumbuka vyote. Mwewe alikuwa akipiga mswaki, akakakamaa, akaanguka, akatetemeka mwili mzima. Na haikuwa mara ya kwanza, ilikuwa ya pili kwa mwezi huo. Tabibu alimpima, akauliza maswali yake yote, akasema ni kifafa. Akampa vidonge na masharti: usiendeshe kitu chochote, usipande juu ya kitu kirefu kuliko kitanda, mpaka tukuone umekaa muda wa kutosha bila kuanguka.

"Nitawaambia wanishushe," Mwewe alisema. "Nitakaa stoo nihesabu misumari." Akatia sahihi kwenye faili.

Sista alimwamini. Mumewe Sista alikuwa fundi mwashi kwenye jengo hilohilo, na kwa siku tisa Sista alimpakulia chakula cha jioni, akamsikiliza akilalamikia mgongo na msimamizi, swali likiwa limemkaa kwenye ncha ya ulimi: siku hizi kreni anaendesha nani? Maneno matano tu. Hakuuliza. Kutoka dirisha la chumba cha sindano aliuona mkono wa kreni ukipita juu ya mapaa na mafungu ya nondo yakining'inia, lakini kibanda cha dereva kilikuwa juu mno, huwezi kuona sura ya mtu. Alijiambia yumo mwingine. Mwewe alikuwa ametia sahihi.

Saa saba mchana, siku ileile ya msimamizi na kofia yake, Sista aliita namba ishirini na mbili. Mwewe akaingia kuchukua vidonge vya wiki ya pili, kibao kikining'inia kidoleni, uso mkunjufu.

"Sista wangu. Jana umenipita pale dukani kama mlingoti wa umeme."

"Ndiyo kazi. Kaa. Stoo kunaendaje?"

"Safi. Misumari yote ipo."

"Umeanguka tena?"

"Hata kidogo."

"Fungua mdomo."

"Kwani nimekuja kung'oa jino?"

"Fungua."

Kidonda cha siku tisa kilikuwa upande wa kulia wa ulimi, na kilishafunga. Upande wa kushoto palikuwa na kingine, kibichi, chekundu.

"Hiki cha lini?"

"Nilijing'ata nikila."

"Ulikuwa unakula nini, ulimi wako?"

Mwewe alicheka. Kabla kicheko hakijaisha, redio ya mkononi iliyokuwa mfukoni mwa shati lake ilikoroma, na sauti ya msimamizi ikajaa chumba. "Mwewe, Mwewe. Lori la zege linaingia. Saa nane kamili nakutaka juu. Umesikia? Saa nane juu."

Mwewe aliufunika mfuko kwa kiganja, kama mtu anayemziba mtoto mdomo mbele ya wageni. Wakatazamana. Saa ya ukutani ilikuwa saba na robo.

"Stoo yenu iko ghorofa ya ngapi?" Sista aliuliza.

"Usinitazame hivyo. Nilikuwa nawaambia. Nilifika mpaka mlangoni kwa msimamizi, nikarudi."

"Umeanguka lini?"

"Jumapili. Nyumbani. Sikuwa kazini."

"Kifafa hakijui Jumapili."

"Nakijua kuliko wewe." Uso ulikuwa umekunjamana sasa, na sauti imeshuka. "Kaka yangu alikuwa nacho. Nyumbani kwetu walimtengea sahani, wakamtengea kikombe, wakamtengea kona ya kulala. Akipita, watu wanaita watoto wao ndani. Akianguka hakuna wa kumgusa, wanasema povu linaambukiza. Alikufa kwenye mtaro, maji yasiyofika magotini, na watu wamesimama wanatazama. Mimi nina mabinti watatu, Sista. Ukisema leo, kesho ni mabinti wa mwenye kifafa."

Povu haliambukizi. Sista angeweza kulisema hilo mara mia, na mtaa ungeitikia ndiyo mara mia, kisha ungerudi nyumbani kutenga sahani.

"Ugonjwa ni wako," alisema. "Huo nitazikwa nao. Lakini unachokibeba huko juu si chako. Unapitisha tani ya zege juu ya vichwa vya watu."

"Kreni ina breki."

"Nani atakuwa ameishika, wewe ukiwa umekakamaa?"

Mwewe alitazama viatu vyake.

"Twende sasa hivi, wewe na mimi," Sista alisema. "Useme mwenyewe. Sema una kizunguzungu, sema umechoka, sema mkeo amekukataza, mimi nitasimama mlangoni na sitakanusha neno. Ila ushuke."

"Nikishuka sipandi tena."

"Utapanda dawa zikikukubali. Wapo wanaokaa miaka bila kuanguka. Lakini si leo."

"Leo ni zege la ghorofa ya sita na dereva mwingine hayupo. Baada ya leo nitaomba. Naapa."

"Ulishaapa. Sahihi yako iko kabatini."

"Na wewe ni Kufuli." Hakuwa akitania tena. "Unafikiri tunakuja kwako kwa sababu sindano zako haziumi? Tunakuja kwa sababu ya mdomo wako. Ukifunguka leo, kesho nani atakuja? Watu watakufa na mambo yao majumbani, na itakuwa juu ya shingo yako."

Lilimpata hasa pale lilipolengwa. Sista alipanga vidonge kwenye bahasha, akavihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alipoteza hesabu, akaifunga.

"Sikiliza, maana sitaki baadaye useme nimekuzunguka. Nakwenda kumwambia msimamizi usipande kreni. Sitamwambia kwa nini. Maneno yangu ni hayo, mengine sina. Nakwambia wewe kwanza."

"Huthubutu."

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula."

Mwewe alichukua bahasha, akatoka. Kibao cha namba hakukirudisha.

Tabibu alikuwa chumbani kwake anakula ndizi, mtu mzuri, mpole, anayeogopa karatasi. Alimsikiliza Sista mpaka mwisho na ndizi ikiwa imesimama hewani.

"Utaratibu unaturuhusu," alisema. "Mtu mwingine akiwa hatarini, unaruhusu kabisa. Umemshawishi aseme mwenyewe?"

"Mara mbili."

"Umemwambia kwamba utasema?"

"Nimemtajia na maneno yenyewe."

"Basi ngoja niandike barua. Ipite kwa mkuu, apige muhuri, Jumatatu tuwapelekee. Mambo haya yanataka kinga, Sista."

"Kreni inapanda saa nane."

"Najua, lakini—"

"Barua iandike, itanikuta. Na kwenye faili lake andika kwamba nimekwenda mimi, saa saba na nusu, kwa uamuzi wangu, na kwamba sikubeba faili. Likija la kuja, lisikukute na ganda la ndizi mkononi."

Akafunga mlango wa mafaili kwa kufuli la mlango, akalitikisa mara mbili kama kawaida yake, akatoka na koti lake jeupe.

Kutoka zahanati hadi kwenye jengo ni mwendo wa dakika kumi ukipitia nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Njiani alitoa simu, akaifikia namba ya mumewe, kidole kikasimama juu yake. Lingekuwa jambo rahisi. Baba watoto, rudi nyumbani, mtoto ana homa. Angekuja mbio. Uongo mdogo, na mtu mmoja angetoka chini ya kreni, yule mmoja ambaye suruali zake za kazi anazifua yeye. Hamsini na tisa wangebaki palepale, na wake zao wangekuwa hawana muuguzi ndani ya nyumba. Na siku ambayo ndoo ya zege ingeanguka, angewatazama wale wake machoni?

Akairudisha simu mfukoni, karibu na kufuli la kabati. Ama wote, ama hakuna.

Getini mlinzi alimpa kofia iliyomfika puani. Lori la zege lilikuwa limeshaegeshwa, tumbo lake likizunguka polepole, na chini ya jengo watu walikuwa wakifungua ndoo kubwa ya chuma ya kupandishia zege. Sista alimkuta msimamizi ofisini, yaani ndani ya kontena lenye dirisha lililokatwa kwa moto, anamalizia wali.

"Ahaa," alisema na mdomo umejaa. "Kufuli limefunguka."

"Nilikwambia likiwepo linalokuhusu nitalileta. Nimelileta. Dereva wako wa kreni asipande. Asipande leo, wala kesho, mpaka upate karatasi ya tabibu inayosema apande."

Kijiko kilitua. "Ana nini?"

"Nimemaliza kusema."

"Ni mlevi?"

Sista alimtazama.

"Moyo? Macho? Au ule ugonjwa wa—"

"Kula chakula chako. Ukipatia sitaitikia, na ukikosea sitakanusha. Utakisia mpaka wali upoe."

"Sikiliza, mama." Alisimama, akaelekeza kijiko dirishani. "Lile zege halimsubiri mtu. Nikilirudisha nitaulizwa na wakubwa. Nitasema nini? Muuguzi kasema mtu asipande, sababu iko ndani ya gauni lake? Kama ni pombe, namfukuza. Kama ni moyo, namhurumia. Kama hutaji, hayo ni maneno ya bombani. Nipe ugonjwa, nikupe kreni. Hapo tutakuwa tumeelewana."

"Asubuhi uliniomba mambo yote ya watu wote, nikakufukuza. Sasa nakupa jambo moja la mtu mmoja, lile tu linalozuia watu wasife. Ukilikataa hilo, basi wewe hukuwa unatafuta usalama. Ulikuwa unatafuta umbea."

Msimamizi alikuwa mtu wa kawaida, si mbaya, lakini alikuwa ameaibishwa mara moja mbele ya benchi la wagonjwa na sasa mara ya pili ofisini kwake. Akachukua redio bila kumwondolea Sista macho.

"Mwewe, uko wapi?"

"Nakaribia mnara," redio ikajibu.

"Panda."

Lilikuwa neno la silabi tatu. Sista alilisikia limekaa juu ya ulimi, tayari. Angelitaja, mtu huyu angerudisha amri yake kabla hajavuta pumzi, kreni ingesimama, na hakuna ambaye angemlaumu, hata tabibu na mihuri yake. Na akaliona neno lenyewe likitoka kontenani, likipanda ngazi za jengo ghorofa kwa ghorofa, likivaa viatu vya watu sitini jioni, likifika kwa Mwewe kabla ya Mwewe. Lingewakuta mabinti watatu sebuleni. Lingekwenda moja kwa moja jikoni, likachagua sahani.

Alilimeza. Akageuka, akatoka.

Hakukimbia, kwa sababu muuguzi akikimbia watu wanadhani kuna moto. Lakini alitembea kama anayekwenda kumtoa mtoto wake kwenye ugomvi, koti likipepea, kofia ya mlinzi ikimgonga pua. Kreni ilisimama juu ya mguu mmoja mrefu wa vyuma vilivyosukana, na ngazi ilipita ndani yake. Chini ya ngazi palikuwa na kilango cha nondo chenye pete mbili za kufungia. Kufuli la kilango lilishapotea zamani. Pete zilikuwa zimekazwa kwa kipande cha waya wa kufungia nondo, kazi ya mtu aliyesema nitanunua kesho.

Kutoka upande wa lori Mwewe alikuwa anakuja, anavaa glavu. Alimwona Sista, akaongeza mwendo.

Sista alifika kwanza. Akausokota waya, akautupa, akaingiza mkono mfukoni mwa koti na kutoa kufuli la kabati. Akalipitisha kwenye pete mbili, akalisukuma kwa kiganja. Likalia. Akalitikisa mara mbili.

"Hujambo, shemeji yangu," akamwambia Mwewe, kwa sauti, mbele ya kila mtu. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumsalimia mgonjwa kwanza.

Mwewe alisimama na glavu moja mkononi. "Siku tisa unanipita mtaani kama hunijui," alisema polepole, "leo unanifuata kazini."

"Leo nimekufuata."

"Wamekwisha kujua."

"Wamejua kwamba unakuja kwangu. Hilo nimelivunja mimi na utanidai. La pili hawalijui, na halitoki."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, wengine na mabeleshi, wengine na ndoo. Mumewe alitoka katikati yao, saruji hadi kwenye nyusi, mwiko mkononi. Alimtazama mkewe, akatazama kufuli, akatazama juu kule kibandani, kisha akamtazama Mwewe kwa muda mrefu zaidi.

"Mama watoto, kuna nini?"

"Kuna kufuli."

"Tangu lini?"

"Usiniulize, baba watoto."

Alikuwa mtu mzima na alijua kuhesabu siku. Taya lake likacheza. Alikuwa amesimama chini ya mzigo ule asubuhi hiyohiyo, na jana, na juzi, na jioni akala chakula alichopakuliwa na mwanamke huyuhuyu. Sista aliliona lile likimpita usoni na hakuinamisha kichwa. Hilo lingekuwa la nyumbani, usiku, mlango ukiwa umefungwa, na hata huko angepata nusu tu ya jibu.

Msimamizi alifika akihema. "Nani ameruhusu hili? Fungua. Wewe, leta mkasi wa nondo."

Aliyeambiwa hakujua kama ni yeye.

"Ulete," Sista alisema. "Kata. Mkasi unaokata nondo hautashindwa na kufuli la kabati. Lakini kwanza nisikie tena mbele ya hawa: mimi muuguzi nimekuambia dereva huyu asipande kreni. Nimekuambia ofisini, nakuambia tena hapa. Wamesikia wote. Sasa mpandishe, na likianguka hata jiwe moja, usiseme hukuambiwa."

Watu wote wakainua macho juu, kwenye mkono wa kreni uliotanda vichwani mwao, kana kwamba ndiyo wanauona leo. Mmoja alisogea hatua mbili nyuma. Kisha wengine wakasogea. Tumbo la lori likaendelea kuzunguka.

"Sababu," msimamizi alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Sababu haipandi kreni. Na mtu huyu hajaiba, hajalewa, hajatukana mtu. Mpe kazi ya chini. Anajua kuhesabu misumari."

Mwewe alitoa kitu kama kicheko, kisichofika mbali. Akaitazama ngazi. Akaivua glavu, taratibu, kidole kwa kidole, akaingiza mkono mfukoni kutafuta pa kuiweka, akakuta kibao. Namba ishirini na mbili. Akampa Sista bila kumtazama.

"Ulinisahau nacho," alisema.

"Nilikuwa nakitafuta."

Ufunguo wa kufuli lile ulikuwa shingoni, umetoka nje ya kola kwa mwendo aliokuja nao. Sista aliushika, akaurudisha ndani ya gauni mahali pake. Nyuma yake alisikia kitu kizito kikitua, kisha kingine. Mumewe alikuwa ameleta tofali mbili za zege na kuzipanga moja juu ya nyingine mbele ya kilango, akazitikisa kuona kama zimekaa sawa.

"Kaa basi," alisema, bado amekasirika. "Utasimama mpaka lini?"

Sista akakaa, mgongo kwenye nondo za kilango, kibao mapajani.